Mfanyakazi Hodari Aliyekuwa Kitandani

SEHEMU YA SABA

Mlionitumia ujumbe wiki hii mkiniita mwizi, mmekosea neno. Sikuchukua cha mtu. Nilimwandikia mwenzangu kazi ambazo hakuzifanya, na leo nawasimulia siku wakubwa walipotaka kwenda kuziona.

Kwa aliyechelewa kuanza kusoma: mimi ni Hilda, mtunza kumbukumbu wa masjala katika ofisi moja ya serikali hapa Njombe. Ofisi yenyewe siitaji. Mwezi wa nane mwaka jana Kaka Odilo, afisa ardhi wetu wa kituo cha Makambako, aligongwa na pikipiki akavunjika nyonga. Akaandika barua ya kuomba likizo ya ugonjwa, mkewe akaileta masjala. Niliipokea mimi. Nikaigonga mhuri, nikaichomeka kwenye faili la mtu mwingine, nikaisahau.

Nilipoikuta, wiki tano zilikuwa zimepita. Kwetu mtumishi asipoonekana siku tano bila ruhusa anahesabiwa mtoro. Yeye alijua yuko likizo. Ofisi ilijua yuko kazini. Ukweli nilikuwa nao mimi peke yangu, na ukweli huo ulikuwa unanipeleka kamati ya nidhamu.

Nilikuwa na nywila yake ya mfumo wa kupima utendaji, maana tangu zamani nilimsaidia kujaza; yeye na kompyuta hawaelewani. Zile wiki tano nikazijaza siku moja. Baada ya hapo, kila Ijumaa. Nilichukua malalamiko ya kweli yaliyokuwa yanamsubiri, nikaandika yamekamilika. Miezi minane nimefanya hivyo.

Sasa sikilizeni.

Jumatatu asubuhi Bwana Kasimiri, mkuu wetu wa kitengo, aliniita ofisini kwake. Nilimkuta amesimama. Bwana Kasimiri hainuki kitini kwa ajili ya mtu wa masjala.

"Hilda, funga mlango."

Nikafunga. Njombe siku hiyo ukungu ulikuwa umekaa mpaka madirishani.

"Mfanyakazi hodari wa Mei Mosi anatoka kwetu!" akasema. "Asilimia tisini na saba. Idara nyingine hakuna hata mmoja aliyegusa tisini."

"Hongera, bosi. Ni nani?"

"Odilo."

Nilishika kiti.

"Hata mimi nilishtuka," akacheka. "Mtu mpole vile! Anafunga malalamiko manne kila wiki. Kumbe watu wa Makambako wanahudumiwa, sisi huku tunapiga soga."

Nilikuwa naandika manne kwa sababu niliona matatu ni machache.

"Sasa kuna afisa utumishi ametoka mkoani, Mama Rejoice. Yule mama hapitishi jina la mtu mpaka aone kazi yake kwa macho. Amechagua mashauri matatu. Beba mafaili yake, tunaondoka."

"Lini, bosi?"

"Gari iko nje."

"Bosi, mimi leo tumbo..."

"Tumbo litauma kesho. Leo beba mafaili."

Masjala nilimpigia Kaka Odilo. Hapatikani. Nikampigia Justine, mkewe. Inaita, haipokelewi. Nikaanza kuandika ujumbe, nikafuta. Ningemwambia nini mtu aliyelala? Kwamba ameshinda?

Faili la kwanza lilikuwa la Mama Esnath wa Mahongole. Mgogoro wa mpaka wa shamba. Niliikumbuka Ijumaa yake. Umeme ulikuwa unakatika na kurudi, nami nilitaka kuwahi mazoezi ya kwaya. Nikaandika: "Afisa alifika shambani. Pande zote zimeridhika. Shauri limefungwa." Maneno manane, nikazima kompyuta, nikaenda kuimba.

Kwenye gari Bwana Kasimiri alikaa mbele na dereva. Mimi nyuma na Mama Rejoice. Ni mama mfupi, sweta zito, daftari mapajani. Tulikuwa hatujamaliza nyumba za mji alipoanza.

"Huyu Odilo unamfahamu?"

"Namfahamu, mama."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Mkweli," nikasema. Hilo halikuwa uongo.

"Ni msemaji?"

"Hapana. Hasemi sana."

"Lakini anaandika sana." Akafungua daftari. "Kila Ijumaa saa kumi kasoro. Hajakosa hata moja. Hata Ijumaa Kuu amejaza."

Ijumaa Kuu! Nilikuwa nimejaza kwa simu, nje ya kanisa, nikisubiri ibada ianze.

"Si nilikwambia, mama!" Bwana Kasimiri akageuka. "Huyo ni mzalendo."

"Mtu anayepima mashamba Ijumaa Kuu," Mama Rejoice akasema, "mimi lazima nimwone."

Nikageukia dirishani. Miti ya misindano inapita, mashamba ya viazi yanapita, nami naomba gari iharibike. Nikawaza kumwambia dereva asimame nishuke nitapike. Nikawaza kusema kila kitu hapo hapo. Tukapita vibao vya vijiji kimoja baada ya kingine, kila kibao nikijiambia: kinachofuata nasema. Tukafika Mahongole sijafungua mdomo.

Mama Esnath tulimkuta anachuma maharage. Mwanamke wa miaka sitini hivi, mjane, gumboti miguuni. Alituona, akajifuta mikono, akatusogelea, akatusalimu kwa kikwetu.

"Kamwene."

"Kamwene, mama," tukaitikia.

Mama Rejoice akajitambulisha. "Tumekuja kuona mgogoro wako ulivyomalizwa."

"Umemalizwa na nani?"

"Na afisa wetu wa Makambako. Odilo."

"Simjui." Alisema bila hasira, kama mtu aliyeulizwa njia ya kijiji asichokijua. "Afisa hajafika hapa. Mimi barua nilipeleka Njombe mwenyewe, kwa mkono wangu." Akaniangalia. Akaniangalia tena. "Si huyu dada aliyenipokea? Ndiyo, ni wewe. Uliniambia, mama nenda nyumbani katulie, afisa atakuja."

Mimi sikumkumbuka. Napokea watu wengi. Yeye alikuwa amenitunza kichwani miezi yote hiyo.

"Nikasubiri," akaendelea. "Siku za gulio sikwenda, nisije nikapishana naye. Mwezi wa kumi na mbili nikaletewa hii."

Alitoa barua ndani ya mfuko wa nailoni. Mama Rejoice akaisoma kwa sauti. Maneno yangu manane yalikuwa mle ndani, chini yake saini ya Bwana Kasimiri na mhuri wa ofisi. Mimi sikujua kama mashauri yaliyofungwa yanaandikiwa barua. Niliapa moyoni kwamba sikujua, kana kwamba kuna mtu alikuwa ananiuliza.

"Jirani yangu Shedrack alikuja akaisoma hapa hapa, watu wanasikia," Mama Esnath akasema. "Akasema serikali imeshaamua. Kesho yake akang'oa mawe ya mpaka. Njooni mkaone."

Tukamfuata. Miche ya parachichi ilikuwa imepangwa kwa mistari, imeshafika magotini. Katikati ya mistari kulikuwa na kaburi lenye msalaba wa saruji. ELIUS, limeandikwa, na tarehe.

"Mume wangu," akasema. "Nikitaka kulifyekea, naomba ruhusa kwa Shedrack."

Mama Rejoice alifunga daftari lake taratibu.

Aliyezungumza wa kwanza ni Bwana Kasimiri.

"Odilo!" akafoka. "Odilo ametudanganya wote! Huyu mtu anatuandikia hadithi, sisi tunaamini. Leo hii hii namsimamisha kazi. Na mahakamani atafika!"

Asubuhi hiyo hiyo alikuwa mzalendo.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Najua mnasoma mnasema, Hilda, sema! Sikusema. Nilimwacha mgonjwa atukanwe juu ya kaburi la watu, nikabeba mafaili yangu kurudi garini.

Mama Esnath akanishika mkono mlangoni mwa gari.

"Dada, sasa safari hii nisubiri siku ngapi?"

"Sijui, mama," nikasema. Lilikuwa jibu la kwanza la kweli kumpa yule mama.

Mashauri mengine mawili Mama Rejoice aliyaacha. Tukaenda mjini Makambako, kituoni. Ofisi yetu pale ni chumba kimoja kwenye safu ya maduka. Kufuli. Mlangoni karatasi imebandikwa, jua limeipausha: AFISA YUPO LIKIZO YA UGONJWA. MWENYE SHIDA AENDE OFISI YA NJOMBE.

Mwandiko wa Kaka Odilo.

Mama Rejoice akaisoma mara mbili. Akamwendea mama anayeshona nguo mlango wa jirani, Konsolata.

"Mwenye ofisi hii yuko wapi?"

"Odilo? Huyo yuko kwake anaugua. Tangu mwezi wa nane mwaka jana." Konsolata akasimamisha cherehani. "Ninyi ni wa ofisini kwake? Hee! Sisi wa hapa tumekwenda kumwona mara nyingi, tukawa tunaulizana, hivi wenzake wa Njombe mbona hawaji?"

"Tangu mwezi wa nane," Mama Rejoice akarudia. Akamgeukia Bwana Kasimiri. "Sasa Ijumaa Kuu alipima shamba na mguu upi?"

Bwana Kasimiri alijifuta uso. Mimi nilikuwa natazama chini, nahesabu vipande vya kitambaa vilivyodondoka kwenye cherehani.

Nyumbani kwa Odilo si mbali. Justine alitufungulia mlango, akatuona, akapiga vigelegele. Kweli, vigelegele.

"Baba Brayson! Ofisi imekuja!"

Odilo alikuwa kwenye godoro sebuleni, magongo ukutani. Amekonda mpaka shingo imekuwa ya mtu mwingine. Alipomwona mkuu wake alitaka kusimama, Justine akamzuia.

"Bosi! Karibuni, karibuni! Mke wangu, weka chai. Mimi nilisema, ofisi haiwezi kunisahau. Watu wakasema wamekutupa, nikasema hapana, wana kazi nyingi." Macho yalikuwa yanamng'aa. "Bosi, nashukuru sana kwa likizo. Miezi minane! Daktari amesema mwezi wa saba naweza kurudi. Nitazilipa hizi siku kwa kazi."

"Likizo gani?" Bwana Kasimiri akauliza.

"Ya ugonjwa. Barua yangu si mliipata? Dada Hilda kila nikimpigia ananiambia mambo yote yako sawa, niugue kwa amani."

Kweli nilimwambia hivyo. Kila alipopiga.

Chai ilikuwa inamiminwa. Bwana Kasimiri alikuwa anafungua mdomo, na nilijua likitoka neno moja tu la kusimamishwa kazi, yule mtu atakufa pale pale godoroni.

"Ni mimi," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Barua yake niliipoteza mimi. Nikaogopa. Nikawa najaza kazi zake kwenye mfumo. Zote. Hata Mahongole. Kaka Odilo hajui lolote."

Nilidhani nikishasema nitapumua. Watu husema hivyo, kwamba ukitubu unakuwa mwepesi. Mimi nilitamani kukimbia.

Odilo hakuelewa upesi. Alinitazama, akamtazama mkuu wake, akanirudia.

"Kwa hiyo miezi minane nilikuwa kazini?"

"Ndiyo, kaka."

"Nikiwa hapa?"

"Leo asubuhi wamekuchagua mfanyakazi hodari."

Alicheka kidogo. Kisha kile kicheko kikamgeukia, akajifunika uso kwa shuka.

Justine aliweka chupa ya chai chini.

"Wifi," akasema, "ulikuwa unanipigia kila wiki unaniuliza mguu wake unaendeleaje. Mimi nikawa nakusifu kwa majirani. Kumbe ulikuwa unauliza ili ujue nini?"

Nilimpenda Odilo kama kaka, na nilitaka kujua atarudi lini ili nijue muda wangu umebaki kiasi gani. Niliuliza kwa yote mawili. Nani angeniamini nikisema hivyo?

Mama Rejoice akachana karatasi mbili kwenye daftari lake, akanipa na kalamu.

"Andika maelezo yako. Kila kitu na kila mtu. Nakwenda nje kupiga simu mkoani, nikirudi nikute saini yako."

Akatoka. Nikaandika jina, cheo, namba ya ajira. Nikaandika habari ya barua. Nikafika kwenye Ijumaa ya kwanza, ndipo Bwana Kasimiri aliponigusa bega.

"Njoo huku uani mara moja."

Nikamfuata. Dereva alikuwa mbele ya nyumba, Mama Rejoice alikuwa barabarani na simu sikioni, mgongo ametupa.

"Andika kwamba mimi sikujua," akasema kwa sauti ya chini.

"Si ndivyo ilivyo, bosi?"

Sijui kwa nini aliamua kuniambia. Labda alidhani nimeshajua. Labda naye alikuwa amechoka kuwa peke yake na jambo hilo.

"Mwezi wa kumi nilipita hapa nikitoka Iringa. Nikaikuta ile karatasi mlangoni. Nikarudi Njombe, Ijumaa nikafungua mfumo, nikaona Odilo amefunga malalamiko manne."

"Ukafanya nini?"

"Nikaidhinisha."

Nikaikunja karatasi ya maelezo, nikaibana kwapani.

"Kitengo chetu kilikuwa cha mwisho, Hilda. Cha mwisho mkoa mzima. Kila kikao nasimamishwa kama mtoto wa shule, naulizwa watu wako wanafanya nini. Kwa yale manne yako tukawa wa pili. Sikujua ni nani anajaza. Sikutaka kujua."

"Na barua ya Mama Esnath? Ulisaini ukijua hakuna aliyekwenda?"

Akachungulia upande wa barabarani.

"Sikiliza. Faili la yule mama likifungwa, anayelifungua ni mkuu wa kitengo tu. Ukiniandika, kesho nimesimamishwa. Nani atakaa pale? Unakumbuka alipostaafu aliyenitangulia, kiti kilikaa wazi miezi mingapi?"

Nilikumbuka. Miezi kumi na minne. Mafaili yalifika sakafuni, tukawa tunayaruka kama madimbwi. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kusaini hata likizo ya mhudumu.

"Miezi kumi na minne," akasema kana kwamba ananisoma. "Wakati huo miche ya Shedrack imeshakuwa miti. Pengine amejenga. Lakini ukiniacha nje ya karatasi yako, kesho asubuhi nasaini faili lifunguliwe. Ijumaa mpimaji yuko Mahongole na mawe mapya ya mpaka. Mimi nakuahidi. Odilo nitamwandikia likizo yake kwa tarehe za nyuma. Wewe utaadhibiwa, ndiyo, lakini hao wawili watapona."

"Na wewe?"

"Mimi nitabaki kazini kusaini."

Niliyafikiria haraka haraka, mbele na nyuma. Nikimtaja, mjane anasubiri tena. Nikimficha, nakuwa nimejaza Ijumaa nyingine ya uongo, safari hii kwa kalamu, mbele ya mgonjwa niliyemdhulumu. Na ahadi yake ilikuwa na thamani gani? Huyu ndiye aliyesoma karatasi mlangoni, akarudi Njombe akabonyeza kitufe. Lakini mimi ndiye niliyempa cha kubonyeza.

"Bosi, unaweza kuniandikia hiyo ahadi?"

"Una wazimu?"

Hatua zikasikika. Mama Rejoice alikuwa amekata kona ya nyumba, simu mkononi. Alimtazama Bwana Kasimiri, akanitazama mimi, akaitazama karatasi niliyokuwa nimeibana kwapani.

"Umemaliza?"

"Bado, mama."

"Nimeongea na mkoani. Wanataka maelezo yako leo kabla ya saa kumi." Alisogea mpaka nikasikia harufu ya moshi wa kuni kwenye sweta lake. "Hilda, nakuuliza mara moja tu, na nitaandika utakavyojibu. Kuna mtu mwingine aliyekuwa anajua?"

Bwana Kasimiri alikohoa. Ndani nilimsikia Justine akimwambia mumewe anywe chai, naye akikataa.

"Nitakujibu, mama," nikasema. "Lakini kwanza nataka kujua, nani atasaini faili la Mama Esnath?"

Mama Rejoice akafungua daftari, akaandika saa.

"Hilo silo nililokuuliza," akasema.